Kunguru wa Mama Vivian

Kunguru mwoga, wanasema, hukimbiza mbawa zake. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuishi Kaloleni, na kama aliishi basi hakuwa jirani wa Patrobas Nabiswa. Kunguru wa Patrobas hawakuwa na woga hata chembe. Walimngoja. Mzee akifungua mlango wa nyuma, kabla hajavuka kizingiti, mmoja hulia juu ya mjakaranda, na wa pili hushuka kimyakimya kutoka nyuma. Kinachofuata ni kibao cha kisogoni, kibao kigumu cha mfupa, na damu kuchuruzika nyuma ya sikio. Hawakumgusa jirani. Hawakumgusa muuza maziwa wala mbwa wake. Walimpiga yeye peke yake, katika ua wake mwenyewe, kwenye mboga zilizopandwa na mke wake.

Mtaa ulicheka, na ungefanyaje? Mzee aliyefanya kazi ya reli mpaka akastaafu kwa heshima, mwimbaji wa besi kanisani, anakimbia na kopo la kumwagilia maji huku akipiga kelele kama mtoto aliyeingia kwenye nyuki! Watu waliegemea ukuta wakafurahi. Lakini wapo ambao hawakucheka. Wamama wa kanisa walitazamana wakanyamaza, na ukimya wa wamama wa kanisa una maneno mengi kuliko mahubiri. Roseline, mke wake, alikuwa anakaribia kutimiza mwaka mmoja kaburini. Ndege, walisema wamama hao walipofika majumbani kwao, hawamwandami mtu bure.

Patrobas hakuwabishia. Angewaambia nini? Alijua kwa nini kunguru wanampiga, na sababu hiyo haikuwa na ubaya wowote. Ila alijua pia kwamba lipo jambo jingine, ambalo ndege hawalijui, na ambalo kama wangelijua wangekuwa na haki ya kumpiga mpaka kesho.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Jumapili moja ya mwaka uliopita alikuwa Soko la Burma na wastaafu wenzake, mbele yao ubao wa nyama choma, kachumbari pembeni, na hadithi za treni ambazo kila mmoja wao alizijua kwa moyo. Simu ikalia. Akaitazama, akaona ni Mama Vivian, yaani Roseline, mkewe. Alijua, au alidhani anajua, kwamba anaulizwa atarudi saa ngapi, na hakutaka wenzake wamwone mume anayeitwa nyumbani kama kuku jioni. Akairudisha mfukoni. Ikalia tena, na tena, mpaka akaizima sauti. Aliporudi alikuwa amemfungia mkewe mbavu kwenye gazeti, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo lisemwe. Alimkuta Roseline ameketi sakafuni jikoni, ameegemea kabati, simu bado iko mkononi. Daktari alisema ni moyo. Alisema kwamba kama angefikishwa mapema pengine angepona, na pengine asingepona. Hiyo "pengine" ndiyo Patrobas aliyolala nayo kitanda kimoja tangu siku ile.

Vivian ni mtoto wao wa pekee. Anaishi Pipeline, kwenye ghorofa ambazo jua huingia kwa kuomba ruhusa, na anashona katika kiwanda cha nguo. Yeye ndiye aliyechukua simu ya mama yake, akaona mama alimpigia nani na nani hakushika. Siku ya mazishi, huko kijijini kwao Chwele, alimfuata baba yake nyuma ya ghala la mahindi akamuuliza bila kupandisha sauti: "Ulikuwa umeshika nini mkononi, Baba, wakati simu inalia?"

Patrobas angeweza kudanganya. "Mfupa," alijibu.

Tangu siku hiyo Vivian hakutia kitu kinywani katika nyumba ya baba yake. Hakuacha kuja, la. Alikuja kila mwisho wa mwezi, akamletea dawa za presha, akafagia, akafua mapazia. Lakini chai aliiacha ikapoa mezani. Maji aliyatoa kwenye mkoba wake, kwenye chupa yake. Patrobas ni Mbukusu, na kwa Mbukusu mtoto asiyekula kwa babake amekwisha kusema yote, hakuna haja ya kuita wazee. Kila alipoimwaga ile chai iliyopoa, mzee aliona ni afadhali angetukanwa.

Sasa basi, wiki ile ya kumbukumbu ya mwaka, Vivian alipiga simu. Patrobas siku hizi huishika kabla haijamaliza mlio wa kwanza, hata akiwa bafuni.

"Nitakuja Jumapili baada ya ibada," Vivian alisema. "Na nitakula, Baba. Kama ni mboga za mama, nitakula. Nyama usininunulie."

Mzee alikaa kitandani na simu imeshazimika sikioni, machozi yakamtoka bila aibu. Mboga za mama! Zilikuwepo. Roseline aliacha mrenda na kunde katika kipande kile cha ardhi nyuma ya nyumba, mbegu aliyoitoa kwao na kuitunza kwenye chupa mwaka baada ya mwaka, na mboga hizo zilikuwa zimejiotea zenyewe baada ya mvua, nzito, kijani kibichi, zinaomba kuchumwa. Kilichokuwa kati yake na mboga hizo ni kunguru wawili.

Nao walikuwa na kesi. Majuma machache kabla, mvua ya upepo iliangusha kinda kutoka kwenye kiota chao juu ya mjakaranda. Patrobas alilikuta limelala kwenye matope kati ya kunde, manyoya yamelowa, mdomo wazi mwekundu. Akaliokota. Tenda wema uende zako, wamesema wahenga, lakini yeye hakwenda zake. Alilishika kifuani akilipasha joto, akazunguka nalo akitafuta tawi la chini la kuliweka, na kinda likamfia mkononi pale pale, wazazi wake wawili wakitazama kutoka juu. Ungewaelezaje? Wao walichoona ni sura ya mtu mmoja, na mtoto wao anakufa katika mikono yake. Kunguru hasahau sura.

Uchungu zaidi ni kwamba hawa walikuwa kunguru wa Roseline. Kila adhuhuri alikwangua ukoko wa ugali, akagonga sufuria kwa mwiko, nao wakatua ukutani na vile vizibao vyao vyeupe kama wahudumu wa hoteli kubwa. Roseline aliwaongelesha kwa Kibukusu, akiwasema kama mashemeji wavivu waliokuja kula tu. Patrobas alikuwa akimcheka. Alipofiwa hakuendelea na kazi hiyo ya ukoko, aliona ni mambo ya kike, na sasa alijuta hata hilo.

Siku mbili kabla ya Jumapili, mzee alitoka na sufuria kichwani. Naam, sufuria. Kunguru wakamshukia shingoni. Akarudi na kofia ya kazi ya zamani na kola iliyosimamishwa, wakampiga sikio. Akachukua mwavuli, upepo ukaugeuza, akaanguka juu ya goti lake bovu, na akatambaa kurudi ndani akiwa ameng'oa shina moja tu la mrenda, nalo na mizizi yake. Gachanja, jirani wa ukuta mmoja anayeuza viatu vya mitumba Gikomba, aliona mambo yote hayo akaruka ukuta.

"Mzee, hawa wamekushika sura," alisema, akiwa amesimama katikati ya kunde bila hata kope kumtikisika. Juu yake kunguru walikuwa wanajikuna mabawa. "Mimi hawana shida na mimi. Leta hicho kikapu nikuchumie, dakika mbili tumemaliza."

"Hapana, Gachanja."

"Hapana nini? Ama tuwawekee nyama na dawa ya panya. Wataisha leo leo."

"Hao ni wa mama. Usiwaguse." Patrobas alikuwa mlangoni, kitambaa kisogoni. "Na mboga hii siwezi kuchumiwa. Kwetu mtu akikosa, huomba msamaha kwa mkono wake. Chakula cha kupatana hakichumwi na jirani. Nikimpa mtoto mboga zilizochumwa na wewe, nimempa nini? Si ni heri ningenunua sokoni?"

"Lakini yeye atajuaje?"

"Ataniuliza. Na mimi huyo simdanganyi."

Gachanja alikuna kichwa, akaangalia juu, akaangalia chini. "Nyinyi watu wa magharibi mna kazi," alisema, akaruka ukuta kurudi kwake.

Lakini Patrobas, maskini, hapo alikuwa ameteleza ulimi. Kumdanganya alikuwa amekwisha kumdanganya, mara moja tu. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, nguo za marehemu zilimwagwa kwenye mkeka zigawanywe, kama ilivyo desturi: dada zake wakachukua magauni ya kanisani, binamu wakachukua sweta. Vivian alipekua rundo lote. Alikuwa anatafuta gauni moja tu, la bluu lenye maua meupe, lililochakaa mabegani, ambalo mama yake alivaa bustanini. "Baba, umeliona?" Naye akamtazama machoni akasema hajaliona. Lilikuwa chini ya godoro lake, pamoja na kitambaa cha kichwani. Mali ya marehemu mwanamke ni ya watu wake na ya binti yake. Mume anayeificha anamshika marehemu nguo asiende. Patrobas alilijua hilo vizuri, na akaficha, kwa sababu gauni lile lilinuka moshi na majani ya kunde na Roseline mwenyewe, na hakuwa tayari kukaa katika nyumba isiyo na harufu hiyo.

Jumamosi mvua ilianza ghafla na makaa yake yako nje. Alishika kilichokuwa karibu kumfunika kichwa, na kilichokuwa karibu, kwa kuwa alikuwa amekitoa kukinusa, kilikuwa kitambaa cha Roseline. Akatoka mbio. Aliinua gunia la makaa, akangoja kibao cha kisogoni. Hakikuja. Akageuka polepole. Kunguru mmoja alikuwa amekaa ukutani, karibu kabisa, ameinamisha kichwa upande, anamtazama. Hakulia. Alikuwa anangoja ukoko.

Patrobas aliingia ndani akafunga mlango, akauegemea. Alitoa lile gauni, akalivaa juu ya shati na suruali yake, akakifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, na akakwangua sufuria ya ugali wa mchana. Akagonga kwa mwiko. Walikuja wote wawili. Walikula mbele yake na maji ya mvua yakiwatiririka, naye akasimama hapo akiwasema kwa Kibukusu, kwa maneno yale yale ya mashemeji wavivu, kwa sauti ambayo hakuijua. Alilia sana. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule mbaya uanze, kulikuwa na viumbe duniani waliofurahi kumwona, hata kama waliyemwona si yeye.

Aibu alikuwa nayo, tusimsingizie. Mwanamume mzima, tena mkwe wa watu, ndani ya gauni la marehemu! Wazee wa kwao wangemtoza kondoo na kumtemea mate. Alijiambia ni mara moja tu. Kesho Vivian atakuwa kanisani mpaka saa sita au saa saba, wahubiri wao hawana haraka, naye atakuwa amekwisha kuchuma, kuvua, kuficha, na kuinjika mrenda jikoni. Kwa mkono wake mwenyewe. Si hicho ndicho kilichotakiwa?

Asubuhi ya Jumapili ilipambazuka na mawingu. Patrobas alivaa, akatoka. Kunguru walimtazama kutoka kwenye mjakaranda wakarudi kwenye shughuli zao. Aliinama kati ya matuta akachuma kama Roseline alivyochuma, akikata ncha changa kwa kucha, akiacha shina lichipue tena, akizilaza mboga kwenye kikapu zote zikielekea upande mmoja. Goti lilimuuma na hakulijali. Alikuwa anafikiria chumvi ya majivu, kama ataitia sawasawa, na jinsi atakavyomwekea mtoto sahani na kuondoka kidogo ili asimtazame anapokula tonge la kwanza.

Vivian hakwenda kanisani. Aliamka Pipeline kabla ya majirani, akajiambia baba hajui kupika mrenda, ataumwagilia maji mengi uwe uji. Heri aende akapike naye. Huo ulikuwa msamaha tayari, nao ulitembea kwa miguu kutoka stendi, ukapita mbele ya nyumba, ukazunguka kuelekea mlango wa nyuma, mlango wa watu wa nyumbani.

"Mama?"

Patrobas aliisikia sauti hiyo mgongoni mwake na ikamkata. Haikuwa sauti ya mwanamke anayeleta dawa za presha. Ilikuwa sauti ya mtoto anayerudi kutoka shule, ya miaka mingi iliyopita, sauti ya mtu aliyekuta kitu chake mahali alipokiacha. Mzee hakugeuka. Alijua akigeuka itakwisha. Alibaki ameinama na ncha ya mrenda kati ya vidole, akatamani Mungu amwache hapo hapo, katika nguo hiyo, apendwe kidogo tu zaidi.

"Mama!" Hatua zilikuwa zinakuja mbio sasa.

Akageuka.

Vivian alisimama. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka mbele. Alitazama ndevu nyeupe chini ya kitambaa cha mama yake, akatazama maua meupe mabegani, na uso wake ukajifunga, taratibu, mpaka pasiwe na pa kuingilia.

"Vua," alisema.

"Mwanangu, ni hawa ndege, walikuwa wananizuia, nilitaka nichume kwa mkono wangu..."

"Vua, Baba."

Alihangaika na fundo. Kitambaa kilipoanguka, kunguru aliyekuwa ukutani akiusubiri ukoko wa adhuhuri alirukaruka hatua moja, akaitazama sura ile, akalia. Wakaja wote wawili. Walimpiga kichwani na masikioni wakati mikono yake imenaswa ndani ya gauni akilipitisha juu ya kichwa, na kikapu kikapinduka. Vivian aliona. Aliona damu, akaona mzee anayumba, na mkono wake ulitaka kwenda, lakini haukwenda. Alipopewa gauni alilipokea kwa mikono miwili.

"Niliitafuta nguo hii siku ile," alisema. "Ukaniangalia machoni."

"Ndiyo."

"Nimezunguka kona ya nyumba nikamwona mama yangu anachuma mboga. Unanisikia? Nilimwona. Nilikuwa nimeshafurahi, Baba. Nilikuwa nimeshasahau kwamba alikufa, nakuja kukushtaki wewe kwake." Akaligeuza gauni mikononi. "Umeninyang'anya mama mara mbili."

Patrobas alitaka kusema habari za kinda, na mvua, na ukoko, na kwamba yeye pia alikuwa amemwona Roseline humo ndani ya kitambaa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililostahili kusemwa.

"Mboga ziko tayari," alisema mwishowe.

Vivian alizitazama zilivyotapakaa kwenye matope. Alilikunja gauni kidogo kidogo, akalikumbatia kifuani, akazunguka nyumba kwa njia aliyojia. Geti lilisikika likifungwa, si kwa nguvu.

"Mzee, ingia ndani!" Gachanja alikuwa amesimama ukutani kwake, na safari hii hakuwa na mzaha. "Watakutoboa macho, ingia!"

Patrobas alipiga magoti kati ya matuta, kichwa wazi, akaanza kuokota mrenda jani kwa jani na kuufuta matope kwenye suruali yake. Kunguru walishuka tena, na hakuinua mkono.